Taa ya Nyuma ni Haki ya Aliye Nyuma

Miongoni mwa wapenzi wa motokaa za kale limeenea neno moja ambalo hukaririwa kama sheria: gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Neno hili lina adabu ndani yake. Humzuia tajiri mwenye haraka asikate bodi nzuri kwa msumeno, na humfunza kijana kuiheshimu kazi ya mikono iliyomtangulia. Lakini neno jema likipelekwa mahali pasipo pake huzaa dhara. Wako wenye motokaa ambao, kwa ajili ya neno hili, huingia barabarani na taa za nyuma zilizofifia kama makaa yaliyofunikwa jivu, kisha hujisifu kuwa ni watunzaji wa historia. Sifa hiyo haiwastahili.

Kwanza na ijulikane kazi ya taa hiyo. Takriban kila kitu katika motokaa humtumikia mwenyewe. Kiti humpumzisha, injini humpeleka aendako, na taa za mbele humwonyesha njia. Taa ya nyuma humtumikia mtu asiyemjua. Mwenye gari haioni awapo safarini, na aghalabu hajui kama inawaka au imezimika. Ina maneno matatu tu ya kusema: gari liko hapa, gari linapunguza mwendo, gari linapinda. Anayeambiwa ni dereva wa lori lenye shehena, au kijana wa bodaboda aliyempakia mama wa watu. Wahenga walisema kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwiba huu hudunga wengine. Basi mwenye motokaa ana ruhusa ya kuvumilia kiti kigumu na breki nzito, maana taabu ni yake; hana ruhusa ya kumvumilisha mwenziwe giza.

Uchukuliwe mfano wa Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ambayo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hata ya mwisho ikatoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Afrika Mashariki iliifahamu vema tangu siku za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Umeme wa motokaa hizi hapo awali ulikuwa wa volti 6. Kwa umeme mdogo kama huo, waya hupitisha mkondo maradufu ili kuwasha glopu ya wati zile zile zitumikazo katika volti 12, na kila penye kutu au skrubu iliyolegea hasara huwa kubwa. Volti ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mtu asidhani kuwa nuru nayo hupungua kwa kadiri hiyo. Hupungua kwa karibu theluthi, kwa kuwa uzi wa glopu ukipoa kidogo hufifia sana. Ongeza hapo kioo kilichochujuka kwa jua la miaka 60, na bati la ndani lililopoteza weupe wake wa kurudisha nuru, ndipo utajua kwa nini gari hilo huonekana nyuma kama sigara ya mlinzi.

Mtetezi wa desturi atasema kuwa ndivyo walivyotaka walioliunda. Historia ya gari lenyewe inamkanusha. Mwanzoni taa ya breki ilikuwa moja tu, katikati, juu ya kibao cha namba. Mwaka 1952 nuru ya breki ilihamishiwa katika taa mbili za pembeni. Motokaa za mwaka 1962 zilipewa taa kubwa zaidi zenye sehemu yake ya indiketa, na mikono midogo iliyokuwa ikichomoza ubavuni kuonyesha upande wa kupinda ilikuwa imekwisha kuachwa. Za mwaka 1968 zikaongezewa ukubwa, na za mwaka 1973 zikapewa taa pana za mviringo zilizozipita zote. Umeme nao ukapandishwa hadi volti 12 katika miaka ya 1966 na 1967, kulingana na soko. Walioliunda gari hawakuiabudu taa yao hata kidogo. Waliiona kuwa haitoshi, wakaitengeneza tena na tena. Anayeiganda ile ya kwanza kwa jina lao anawaasi.

Tena yeye mwenyewe hashiki sheria yake. Matairi yake ni mapya, oili yake ni ya leo, na petroli yake haina risasi tangu nchi za eneo hili zilipoiacha ile yenye risasi kufikia mwaka 2006. Yote hayo aliyakubali kimya kimya kwa kuwa yalimfaa yeye. Ugumu wa imani yake huanza pale ambapo mwenye kufaidika ni mtu mwingine. Wengine hujitetea kuwa hawasafiri usiku. Je, breki hukanyagwa usiku tu? Na mvua ya masika hungoja usiku? Karibu na Ikweta jua likizama giza huingia kabla nusu saa haijatimia, na gari la kale ni hodari wa kumchelewesha mwenyewe njiani.

Hata hivyo, lawama hii isiwafurahishe wale wa upande wa pili, waliokwisha kung'oa taa za zamani na kubandika takataka za sokoni. Mmoja hutia taa za LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, asijue kuwa nuru ya namna ile ina uwekundu haba, na kioo huimeza sehemu yake kubwa. Nyuma ya kioo chekundu hufaa LED nyekundu. Mwingine hununua zinazomulika upande mmoja tu, ambazo haziligusi bati la kurudisha nuru, hata aliye pembeni haoni kitu. Wa tatu husahau kuwa LED hula umeme kidogo mno, na ile flasha ya zamani, iliyozoea mkondo wa glopu, hukataa kupepesa indiketa au huipepesa kwa wazimu. Wa nne hupaka vioo rangi nyeusi kwa ajili ya umaridadi. Mtunza kale aliiacha taa yake ikose sauti. Hawa wameifundisha kusema uongo.

Njia ya haki iko wazi, wala haihitaji mali nyingi. Kabla ya kununua chochote, taa ifunguliwe. Kutu ikwanguliwe katika soketi na mahali umeme unaporudi kwenye bodi, na waya mpya ufungwe pale kwa skrubu safi. Bati la ndani lisafishwe na kupakwa rangi ya fedha au nyeupe. Kioo kilichochujuka kibadilishwe kwa kingine cha umbo lile lile. Glopu iwe ya wati zilizoagizwa. Swichi ya breki ipimwe pia, kwa kuwa katika Volkswagen hizi huwashwa na shinikizo la mafuta ya breki, na ikizeeka mguu hutangulia na nuru hufuata. Kazi hii ni ya siku moja kwa fundi mwangalifu.

Baada ya hapo, anayetaka zaidi na aongeze kwa akili. Uzi wa glopu huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuwaka sawasawa, lakini LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tofauti hiyo ni zaidi ya mita 4 za barabara. Taa ya tatu ya breki inaweza kuwekwa ndani ya dirisha la nyuma bila kutoboa bodi, na siku ya maonyesho ikaondolewa. Faida yake ilijaribiwa. Mwaka 1974 John Voevodsky aliziweka taa za namna hiyo katika teksi 343 za San Francisco, na kiwango cha kugongwa kwa nyuma kikashuka kwa asilimia 60.6. Marekani ikaziamuru kwa motokaa ndogo za kuanzia mwaka 1986. Watu walipokwisha kuzizoea, uchunguzi wa serikali yao uliotolewa mwaka 1998 uliona faida iliyobaki kuwa asilimia 4.3. Ni hesabu ndogo. Lakini mwenye shingo iliyosalimika haulizi udogo wa hesabu.

Wasomi wa Kiswahili wanalijua jambo hili katika kazi yao. Tendi za kale zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu zilinakiliwa kwa hati za Kirumi ili wengi wazisome. Mhariri mwaminifu hakugusa vina wala mizani; alifuta vumbi la usomaji, na utenzi ukabaki utenzi. Motokaa nayo ina maneno yake: mstari wa bodi, umbo la taa, rangi ya kioo. Hayo yatunzwe kwa wivu. Nguvu ya nuru ni usomaji, na usomaji ni mali ya msomaji.

Kwa hiyo waamuzi wa mashindano ya motokaa za kale, popote yafanyikapo, na waache kumpunguzia alama mtu aliyeongeza nuru bila kuharibu umbo. Wampunguzie yule ambaye taa yake haionekani mwendo wa hatua 100 jua likiwaka. Akiuliza kosa lake, apelekwe nyuma ya gari lake mwenyewe, mahali ambapo hajapata kusimama, akanyagiwe breki, aambiwe asome.