Debe la Mbaazi Libaki kwa Wazee
Mzee anaposhindwa kuinuka mkekani, husemwa kwamba ni umri tu. Sisi hatukubali. Umri hupunguza misuli, lakini ugali mtupu wa muhogo huzidisha hasara: gramu 100 za unga wake hazina hata gramu 3 za protini, ilhali mbaazi kavu zina kama 20 na korosho 18, zote mazao ya Mtwara yetu. Kusi likivuma na samaki kuadimika, hizo ndizo za kutegemea. Tunawasihi wananchi wa Msimbati na visiwani wasiuze mavuno yote. Debe moja libaki kwa wazee. Nao viongozi wakumbuke kwamba tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, afya ya mzee ni wajibu, si hisani. Zahanati zifundishe hayo, na zihimize mazoezi ya viungo.