Ugatuzi Si Hisani ya Nairobi



Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa zaidi ya miongo minne tangu uhuru, taifa letu liliendeshwa kinyume cha hekima hiyo. Daraja likibomoka Turkana, idhini ya kulijenga ilitoka Nairobi. Zahanati ikiishiwa dawa Lamu, barua iliandikwa Nairobi, na jibu likaja baada ya mgonjwa kuzikwa. Mkuu wa Wilaya hakuchaguliwa na hata mmoja kati ya wale aliowatawala. Alimtumikia aliyemteua, na wananchi wakajifunza kumpigia makofi.

Tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipotangazwa rasmi, tulidhani tumeizika hali hiyo. Naandika leo kuwaonya kwamba kaburi halikufukiwa vizuri.

Tuanze na maneno ya sheria yenyewe. Kifungu cha 1 cha Katiba chatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba hutekelezwa katika ngazi mbili, ya taifa na ya kaunti. Kifungu cha 6 chaongeza kuwa serikali za ngazi hizo ni tofauti na zinategemeana, nazo zapaswa kuhusiana kwa mashauriano na ushirikiano. Yasomeni maneno hayo polepole. Hayasemi popote kwamba kaunti ni idara ya wizara fulani, wala kwamba gavana ni karani wa Hazina Kuu. Kaunti haikupewa mamlaka yake na Rais wala na Bunge. Ilipewa na mwananchi yule yule aliyempa Rais mamlaka yake. Na mwananchi huyo alisema, katika Kifungu cha 255, kwamba malengo ya ugatuzi hayatabadilishwa bila yeye mwenyewe kuulizwa kwa kura ya maamuzi.

Kwa nini tuliandika kwa ukali namna hiyo? Kwa sababu tulikwisha kuibiwa mara moja.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliigawa nchi katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake. Juu yake kulikuwa na Seneti ya wajumbe 41. Vifungu vilivyoyalinda majimbo havikuweza kubadilishwa na Bunge ila kwa kura za asilimia 90 ya maseneta. Ulinzi huo ulionekana kama ukuta wa mawe, lakini wabomoaji hawakuhitaji mizinga. Serikali ya KANU ilichelewesha kuyakabidhi majimbo kazi zake na ikayabania fedha. Majimbo yasiyo na fedha yakaonekana hayana faida. Wabunge wa KADU wakahamia upande wa Serikali mmoja mmoja, hadi Novemba 1964 chama chenyewe kikavunjwa. Desemba mwaka huo jamhuri ikazaliwa, na majimbo yakang'olewa meno. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadilisha Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwisho wa mwaka 1966 Seneti ikafutwa. Mwaka 1969 hata mabaraza ya kaunti ya wakati huo yakapokonywa elimu ya msingi, afya na barabara. Miaka sita ilitosha, na kila hatua ilikuwa na mswada wake, kura yake na muhuri wake.

Kumbukeni pia ni nani waliyatetea majimbo siku hizo: Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi. Moi huyo huyo alipokalia kiti cha urais mwaka 1978 hakuyafufua. Ni katika utawala wake ambapo nchi ilifanywa ya chama kimoja kwa sheria mwezi Juni 1982, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao mwaka 1988. Mwanasiasa aliye nje hudai mamlaka yagawanywe. Akiingia ndani, huufunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni. Ndiyo maana haki hii hatuwezi kumwachia mwanasiasa ailinde.

Matunda ya fimbo ya mbali tuliyala kwa machungu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale ambapo zingezaa haraka zaidi, yaani kwenye mvua, reli na mashamba makubwa. Aliyezaliwa penye ukame akaambiwa asubiri. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991, na mji wa Wajir ulingoja takriban nusu karne baada ya uhuru, hadi kaunti zilipoanza, ndipo ukapata barabara yake ya kwanza ya lami. Huko Makueni, mpango wa afya wa kaunti uliozinduliwa mwaka 2016 uliiwezesha kaya kutibiwa kwa ada ya shilingi 500 kwa mwaka. Mambo hayo yalifanywa na watu waliokuwa karibu na nyoka.

Sasa tazameni jinsi mbinu za 1964 zinavyorudi kwa mavazi mapya.

Mbinu ya kwanza ni mkoba. Kifungu cha 203 chaagiza kaunti zipewe fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hiyo ni sakafu, lakini wakuu wa Hazina huizungumzia kana kwamba ni dari. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya vijana kumwaga damu yao barabarani, fungu la kaunti lililokuwa limekwisha kupitishwa, shilingi bilioni 400, lilikatwa hadi bilioni 387. Waliokosea hesabu ni wakubwa, aliyefungwa mkaja ni mwanakijiji. Tena Kifungu cha 219 chataka fedha za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa na bila kukatwa, ila zikisimamishwa kwa utaratibu wa Kifungu cha 225. Ni mwaka gani agizo hilo lilitimizwa? Nilimsindikiza shangazi yangu kwenye zahanati ya kijiji, shinikizo la damu likiwa limempanda. Muuguzi alikuwapo, jengo lilikuwapo, rafu za dawa zilikuwa tupu. Tukaambiwa fedha bado hazijafika kutoka Nairobi. Shangazi akauliza, "Kwani Nairobi ndiko tunakougulia?" Tangu nianze kazi ya uwakili sijasikia hoja ya kikatiba iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Mbinu ya pili ni kuzibebesha kaunti mizigo bila kuziuliza. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilikodi mashine za hospitali na kuzisambaza katika kaunti zote, ilhali Jedwali la Nne limeziachia kaunti vituo vyao vya afya. Kamati ya Seneti ilipochunguza mwaka 2020 ilikuta mashine zimelala mahali ambapo hapakuwa na umeme wa kutosha, maji wala wataalamu wa kuzitumia. Fimbo ilikuwa ndefu na ya bei ghali, na nyoka akapita chini yake.

Mbinu ya tatu ni kubadilisha majina. Katiba, katika Jedwali la Sita, iliipa Serikali miaka mitano kuupanga upya utawala wa mikoa ili uheshimu ugatuzi. Sheria ya mwaka 2013 ikatuletea kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu na naibu wa chifu, mlolongo ule ule kutoka Ikulu hadi kibandani mwa maskini. Wabunge nao wakajitengea hazina za maeneobunge ili wajenge wao yale yaliyo kazi ya wengine. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitangaza kwamba sheria ya mwaka 2013 ya hazina hiyo ilikiuka Katiba.

Najua watakavyotujibu. Watasema kaunti zimejaa wezi. Mgala muue na haki umpe: ni kweli, wezi wamo, na baadhi ya magavana wamejijengea falme ndogo zenye ving'ora na walinzi. Lakini Goldenberg haikupangwa katika kaunti. Anglo Leasing haikupangwa katika kaunti. Na katika mwaka mmoja tu, wa 2020, Seneti iliidhinisha kuondolewa kwa magavana wa Kiambu na Nairobi, baada ya mabaraza yao kupiga kura ya kuwaondoa. Nitajieni Mkuu wa Mkoa mmoja, kutoka 1963 hadi 2010, aliyeondolewa na wawakilishi wa watu aliowatawala. Mwizi aliye karibu hukamatwa. Aliye mbali hutumiwa salamu za heri.

Watasema pia kwamba mamlaka ya maeneo ni mlango wa ukabila. Hoja hii siidharau. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Septemba 1991, wanasiasa walipokutana Kapsabet na Kapkatet na kulitumia neno majimbo kuwatishia waliowaita wageni. Mwezi uliofuata moto ukawaka Miteitei, kisha ukaenea Bonde la Ufa na Magharibi. Makanisa yaliyojaa wakimbizi yanakumbuka. Hata Marekani, ambako Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yaliziachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa, maneno "haki za majimbo" yaliwahi kuwa ngao ya wenye watumwa, na baadaye ya wabaguzi. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliwatumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya Little Rock, na Rais Eisenhower akalazimika kutuma jeshi kuwalinda. Lakini mwaka 1997 mahakama kuu kuliko zote ya nchi hiyo hiyo iliamua kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha maafisa wa majimbo kutekeleza mipango yake. Maamuzi hayo mawili hayapingani. Mamlaka ya eneo yapo kumkinga raia dhidi ya mkubwa wa mbali, na haki za raia zipo kumkinga dhidi ya mkubwa wa karibu. Katiba yetu ina ngao zote mbili: Sheria ya Haki hubana kila chombo cha dola, na Kifungu cha 39 champa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini. Kaunti inayomfukuza jirani imejivua kinga yake.

Ninyi waumini mnakijua kisa cha Musa jangwani, akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro alimwambia kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu, akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa hakuona kwamba amedharauliwa. Nabii alikubali kugawana kazi. Waziri wa Fedha ni nani hata akatae?

Basi tufanye nini? Siku ya vikao vya bajeti ya kaunti, padri na mchungaji watangaze kanisani kama wanavyotangaza harusi, na watu wajae ukumbini wakiuliza kila shilingi ilipokwenda. Kila kaunti ina seneta. Mwandikieni, kwa jina na saini zenu, mkimtaka aeleze fedha zimekwama wapi na yeye amefanya nini. Kifungu cha 119 chawapa haki ya kupeleka malalamiko Bungeni, na Kifungu cha 258 chamruhusu yeyote kwenda mahakamani Katiba inapovunjwa au kutishiwa. Mawakili tunaojiita wanamageuzi tusingoje kulipwa ndipo tusimame nanyi.

Mwaka 1964 wananchi waliambiwa kwamba majimbo ni ghali, ni ya kikabila, na yanamchelewesha Rais kuleta maendeleo. Wengi walinyamaza. Watoto wao walilipa kwa miaka 46. Mkisikia maneno hayo tena, mjue yanakotoka na yanakokwenda, nanyi msinyamaze.