Afya Nyumbani: Mgonjwa Asilale Kama Gogo

Pengine umepata kwenda hospitali kumtazama ndugu yako aliye mahututi. Umemkuta amelala kimya, hana nguvu hata ya kuinua mkono. Mara akaja muuguzi, akamgeuza ubavu, akamkunja miguu na kuinyosha, kisha akamchoma sindano ndogo katika ngozi ya tumbo. Moyoni ukanung'unika: "Mbona wanamsumbua? Si wamwache apumzike?"

Usinung'unike. Sikiliza sababu yake.

Mtu anapotembea, misuli ya miguu huibana mishipa na kuisukuma damu irudi juu moyoni. Mgonjwa asiyejigeuza hana msukumo huo. Damu yake huenda polepole, kama maji ya mfereji uliozibwa, nayo yaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Tena ugonjwa mkali, jeraha na kupasuliwa huongeza hatari hiyo.

Baya zaidi, donge la damu laweza kung'oka, likasafiri mpaka mapafuni na kuziba njia. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alikwisha kueleza jambo hili mwaka 1856. Hapo mgonjwa aliyeanza kupata nafuu hukatika pumzi ghafula, akafa. Watu wa nyumbani husema, "Amerogwa," au, "Sindano imemwua." Kumbe ni donge la damu, na sindano ile ilikuwa ya kulizuia.

Dawa yake mara nyingi ni heparini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1916 katika ini la mbwa. Kazi yake ni kuizuia damu isigande ovyo. Lakini mgonjwa anayetokwa na damu nyingi dawa hii yaweza kumdhuru. Huyo, katika hospitali zenye vifaa, hufungwa miguuni mifuko ya hewa inayobana na kulegea, kana kwamba anatembea.

Nawe unayo kazi yako. Kwanza, mwambie daktari kama mgonjwa amepata kuganda damu zamani, au kama ana vidonda vya tumbo, au hutokwa na damu upesi. Usifiche neno. Pili, mwulize muuguzi kama unaweza kusaidia kuinyosha miguu. Usifanye kwa akili yako mwenyewe. Tatu, ukiona mguu mmoja umevimba, una joto au unauma, au mgonjwa ashikwe na kifua na kuhema ghafula, mwite muuguzi mara moja. Usiukande mguu huo kwa mafuta wala maji ya moto, maana waweza kuling'oa donge. Hata akirudi nyumbani, dalili hizo zikitokea, mrudishe hospitali siku ile ile.

Kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma. Basi sali rozari yako kando ya kitanda, lakini usisahau kuitazama na miguu ya mgonjwa.