Msituulize Nani Afe, Tuambieni Nani Atashtakiwa

Mwaka 2016 wasomi wa chuo cha MIT, Marekani, waliwafungulia walimwengu mchezo mtandaoni. Gari lisilo na dereva limekatikiwa na breki. Likinyoosha, linaua wazee. Likikata kona, linaua watoto. Haya, chagua maiti. Watu walichagua mara milioni 40, kutoka nchi na maeneo 233, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature. Tukaarifiwa kwamba binadamu humjali mtu kuliko mbwa, na mtoto kuliko mzee. Ajabu iliyoje! Ila humo humo mlikuwa na jambo la kutia kichefuchefu: wachezaji walielekea kumwokoa mwenye cheo na kumwachia tairi asiye na makao, na pengo hilo lilizidi katika nchi ambako matajiri na maskini wameachana mbali. Mkenya hahitaji kuelezewa nchi hizo ni zipi.

Mchezo wenyewe ni kiini macho. Njooni Lwakhakha, hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, siku ya soko mnionyeshe hapo pa kuchagua. Boda imebeba magunia mawili ya vitunguu, juu ya magunia kuna mama, mgongoni mwa mama kuna mtoto. Mkokoteni unapanda upande usio wake, kwa kuwa upande wake umezibwa na lori linalongoja kuvuka kwenda Uganda. Mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani anakatiza popote, maana kivuko hakuna aliyekichora. Kabla gari halijaamua nani afe, sharti kwanza litambue kwamba lililo mbele yake ni mtu.

Na hilo la kutambua ndilo lililomuua Elaine Herzberg. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, alikuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli, gari la majaribio la Uber likamgonga. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba vihisio vilimwona zaidi ya sekunde tano kabla. Kompyuta ikabaki kutapatapa: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli, na kila ilipobadili jina ilisahau alikotoka, isijue anakoelekea. Haikuwa imeandaliwa kumtarajia mtembea kwa miguu nje ya kivuko. Zaidi ya hayo, breki za dharura alizoziweka mtengenezaji wa gari zilikuwa zimezimwa kila kompyuta iliposhika usukani.

Ni kweli, msimamizi aliyeketi ndani alikuwa akitazama simu, na mwaka 2023 alikiri kosa akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Nani alizima breki? Nani aliamua kwamba mtu huvuka kwenye kivuko tu? Walikuwa wameketi ofisini, miezi mingi kabla, wakinywa kahawa. Kwa kanuni yao, Lwakhakha nzima haina watu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba baadhi ya walioifundisha mitambo ya aina hii kumjua binadamu ni vijana wetu. Mwaka 2018 BBC iliwaonyesha wafanyakazi wa Samasource jijini Nairobi, wengine wakitoka Kibera, wakichora mistari kuzunguka watu, magari na alama za barabarani, picha baada ya picha, kwa takriban dola 9 kwa siku. Kijana wetu alitoa macho yake. Hakualikwa pale kanuni zilipopangwa.

Mtaniambia magari hayo hayafiki huku, tuna mashimo ya kutosha. Yanafika, vipande vipande, kupitia bandari ya Mombasa. Kenya huruhusu mitumba ya magari isiyozidi miaka minane, na Japani ilianza Novemba 2021 kulazimisha modeli mpya za magari ya abiria ziwe na breki zinazojikaza zenyewe. Tayari mtu ananunua gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, linamsemesha Kijapani, na taa inawaka ambayo fundi naye haijui. Kioo kikipasuka, anabandikiwa kingine na kamera inarudishwa kwa kukadiria. Gari hilo linaamua, na hakuna hata mmoja njiani anayejua linaamua nini.

Mtaniambia pia kwamba mashine hailewi wala haisinzii. Nakubali. Madereva wenye damu na nyama wanaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka nchini humu. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliacha barabara likawaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa stejini. Waliokufa walizidi 50. Na serikali ilisemaje? Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alitangaza kwamba masoko ya kando ya barabara kuu yataondolewa. Lori lina haki ya njia, mama mboga ahame. Basi huo nao ni uamuzi wa nani agongwe, na haukuhitaji kompyuta. Mashine itakayonunuliwa na watu wenye mawazo hayo itafunzwa mawazo hayo hayo.

Ujerumani ilikuwa na tume ya maadili iliyosema mwaka 2017 kwamba ni marufuku gari kupima watu kwa umri, jinsia au hali ya mwili. Uingereza ina sheria ya mwaka 2024 inayomwondolea lawama aliyeketi ndani gari linapojiendesha, na kuielekeza kwa kampuni. Sisi tuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoandikwa kwa dereva mwenye leseni anayeweza kutiwa pingu. Na hapa Lwakhakha sheria yenyewe inabadilika katikati ya daraja.

Tunataka kampuni yoyote inayoleta mtambo wa kuamua barabarani iandikishe mwakilishi mwenye anwani Kenya na Uganda, ijaribu gari lake katikati ya boda na mikokoteni, na siku likigonga ikabidhi kumbukumbu zake kwa polisi na kwa familia ya marehemu, si kwa wakili wake peke yake. Mvulana wa boda akiuawa darajani, ana shangazi Bungoma na mjomba ng'ambo ya mto. Wote wawili wawe na mlango wa mahakama wa kubisha, na wakiingia wamkute mshtakiwa.