Tuzo ya Nobel, breki za kinga ya mwili na damu chooni: vinamhusu vipi mtu wa Chamazi?

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha afya, msikilizaji wetu mmoja wa Chamazi, wilayani Temeke, alituandikia: "Dada, baba anatoa damu chooni tangu Ramadhani. Jirani anasema ni bawasiri, mwingine anasema kinga imeshuka, tumnunulie unga wa kuongeza kinga. Tufanyeje?"

Ujumbe huo ulinikumbusha habari tuliyoisoma harakaharaka Oktoba 2025, kisha tukakimbilia matokeo ya ligi. Tarehe 6 mwezi huo ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba imekwenda kwa Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, pamoja na Mjapani Shimon Sakaguchi. Tulisema wamegundua jinsi kinga ya mwili inavyojizuia, tukaishia hapo. Lakini ndani ya habari ile lilikuwamo jibu la nusu ya swali la huyu ndugu.

Chukulia mtaa wenye sungusungu. Vijana wana marungu, wana hasira na wezi, na usiku hawabagui sana. Bila mwenyekiti wa mtaa wa kuwaambia "huyu ni mwenzetu, mwacheni apite", watampiga hata fundi anayerudi kazini. Mwilini, sungusungu ni seli nyeupe za damu zinazoua vijidudu na seli zilizoharibika. Mwenyekiti ni kundi dogo la seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Sakaguchi alizionyesha kwa panya mwaka 1995. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell wakaipata jeni inayohusika nazo; ikiharibika, kinga humgeukia mwenye mwili, na watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu hiyo huugua vibaya sana.

Utumbo mpana unawahitaji wenyeviti hawa kuliko sehemu nyingi. Humo hupita chakula kila siku na wanaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao wema. Kinga ikipigana na kila kimoja, utumbo utakuwa kidonda kitupu.

Sasa saratani inaingilia hapo hapo. Uvimbe unapokua, unatoa kemikali zinazowaita watulizaji waje wauzunguke, na kuna aina nyingine za seli za kinga ambazo nazo hugeuzwa kuwa walinzi wake. Askari wanafika mlangoni, wanaambiwa warudi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na askari wa kutosha kabisa. Waliokosekana ni wa kuwaruhusu.

Mambo hayanyooki hivyo moja kwa moja, lakini. Kwa saratani nyingi, watulizaji wengi kwenye uvimbe ni dalili mbaya. Kwa saratani ya utumbo mpana, tafiti zilikuwa zinapingana, nyingine zikionyesha wagonjwa wa namna hiyo wanaishi zaidi. Mwaka 2016 kundi la Sakaguchi huko Osaka lilionyesha sababu mojawapo: seli zenye alama ileile ni za aina mbili. Moja inazima kinga kwelikweli, nyingine inachochea mapambano. Waliozihesabu pamoja walichanganya mwenyekiti na kijana aliyevaa koti lake.

Dawa zipo za kuachia breki, ingawa nyingi zilizopo sasa zinalegeza breki iliyo kwa askari wenyewe. Mwaka 2022 madaktari wa New York walitangaza wagonjwa 12 wa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambao uvimbe wao wote ulitoweka kwa dawa ya aina hiyo bila upasuaji wala mionzi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila wagonjwa hao walichaguliwa: uvimbe wao una hitilafu maalumu inayopatikana kwa takribani 15 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, na kwa wale ambao ugonjwa umeshasambaa ni kama watano tu. Dozi moja ni mamilioni ya shilingi. Na breki ikiachiwa, kinga inaweza kuushambulia utumbo wenyewe, mgonjwa akaharisha damu.

Kwa hiyo unga wa "kuongeza kinga" unaouzwa kwenye daladala za Mbagala? Sijaona ushahidi wowote kwamba unatibu saratani, na hata maelezo yake hayaendani na ugonjwa wenyewe. Kinachonikera zaidi kuliko hela ni miezi inayopotea.

Miezi hiyo ndiyo yenye thamani. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachochukua miaka, hata kumi, kabla ya kuwa hatari, na kikionekana mapema hukatwa. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika miaka ya 1970 kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini, akautaja ulaji wa nafaka zisizokobolewa. Leo madaktari wa Muhimbili na Ocean Road wanaeleza kwamba wagonjwa wanaongezeka, na wengi hufika ukiwa umeshaenea. Bawasiri ipo kweli na ni ya kawaida, ndiyo maana inaficha mwenzake.

Mimi si daktari. Nilimjibu ndugu yetu aache unga, ampeleke mzee kituo cha afya, aseme wazi: damu, tangu lini, choo kimebadilika vipi, uzito umepungua kiasi gani. Nikamwambia pia mzee asione aibu, kwani kipimo cha kwanza ni kidole cha daktari chenye glavu na kinachukua dakika moja.

Wiki iliyopita ameandika tena. Mzee alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Daktari amegusa kitu, amempa rufaa kwenda Muhimbili kwa kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia utumbo. Sasa wanachangishana hela ya kipimo.