Katumbi hawezi kushinda kwa kura za Katanga peke yake

Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73 ya kura. Moïse Katumbi wa chama cha Ensemble pour la République alipata asilimia 18 hivi. Katumbi alilalamikia udanganyifu, na CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 katika chaguzi nyingine za siku hiyo. Lakini malalamiko hayaongezi wapiga kura.

Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na nje ya huko wengi wanakiona chama chake kuwa cha Wakatanga. Sura hiyo inaweza kubadilishwa kuanzia Lubumbashi, kwenye mitaa kama Kasungami, komini Annexe. Familia za Kasai hazijasahau kufukuzwa kwa 1992 na 1993. Kiongozi wa chama akae nao, azungumze maji, umeme na barabara bila kuuliza mtu ametoka jimbo gani. Chama kisichoweza kumshawishi jirani Mkasai hapa mjini kitasema nini kikifika Mbuji-Mayi?