Namba ya Kikapu ni Mali ya Nani?

Wiki tatu zilizopita niliamshwa na ujumbe wa sauti wa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha kwa miaka mitatu, akahitimu vizuri, akazunguka na bahasha ya kaki akitafuta ajira kama wenzake, kisha akarudi kwao Iringa na kuungana na mama yake pamoja na wanawake wengine wanaosuka vikapu kwa milulu. Wako 14. “Shikamoo Dokta,” alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kunyamaza. “Wametuandikia kwamba vikapu si vyetu.”

Vikapu 60 vilikuwa vimekwisha kufika Marekani, vimepangwa katika gereji ya kaka yake, ambaye ndiye mwenye akaunti ya muuzaji katika soko moja kubwa la mtandaoni. Ukurasa wa bidhaa ulidumu miezi minne, ukapata maoni 11 ya wanunuzi, yote mazuri, kisha siku moja ukaondolewa. Nilimwomba anitumie ujumbe wenyewe. Haukusema vikapu si vyao. Ulisema kwamba namba ya bidhaa waliyoandika imesajiliwa kwa kampuni nyingine, na kwamba jina la chapa walilotaja halilingani na jina lililomo katika kanzidata. Nikaitafuta namba ile mimi mwenyewe. Ilikuwa ya kampuni ya Marekani iliyowahi kuuza mishumaa.

Ndugu msomaji, huenda unadhani hili ni jambo la wafanyabiashara na mafundi wa kompyuta, lisilo na nafasi katika safu inayozoea kujadili katiba na bajeti. Naomba uvumilivu wako. Swali la nani ameandikwa katika daftari lipi, na kwa jina gani, limekuwa swali la kisiasa katika nchi hii tangu enzi za kodi ya kichwa. Daftari ndilo limebadilika.

Ile michirizi myeusi na myeupe iliyo mgongoni mwa pakiti ya majani ya chai, ambayo wanaisimu wanaiita msimbomilia na sisi wengine tunaiita bakodi, ni namba tu iliyochorwa ili mashine iweze kuisoma. Kwetu na katika sehemu kubwa ya dunia namba hiyo ina tarakimu 13. Za mwanzo zinaonyesha ofisi iliyoitoa, zinazofuata zinaitambulisha kampuni, kisha bidhaa. Ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile 12 zilizotangulia, na kazi yake ni moja tu: kumkamata aliyekosea kunakili. Haijui mwenye namba ni nani.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoponzwa. Alinunua namba zake kwa dola chache katika tovuti inayoziuza kwa mafungu. Akatumiwa picha za michirizi na “hati ya umiliki” yenye muhuri wa kuvutia. Kwa kuwa ni mtu makini, akaenda na kikapu kimoja kwenye duka la rafiki yake mjini, akakipitisha kwenye mashine, ikalia. Akaridhika. Lakini mashine ya dukani husoma namba kisha hutafuta bei katika daftari la duka lenyewe. Mwenye duka akiiambia kwamba namba hii ni kikapu cha shilingi 35,000, itaamini. Ingeambiwa ni gunia la mkaa, ingeamini vilevile.

Soko la mtandaoni halina anasa hiyo. Lina wauzaji wengi wasioonana na wanunuzi wasioshika bidhaa, na humo namba ndiyo bidhaa yenyewe. Wauzaji wawili wakileta namba moja, huwekwa katika ukurasa mmoja kana kwamba wanauza kitu kimoja. Namba ya mishumaa ikibandikwa kwenye kikapu, upo uwezekano wa mtu kuagiza mshumaa akaletewa kikapu. Ndiyo maana masoko hayo huuliza katika daftari la dunia kabla ya kukubali. Amazon, kwa mfano, imetangaza wazi kwamba hulinganisha namba za wauzaji na kanzidata ya GS1, na kwamba isiyolingana huhesabiwa kuwa batili.

GS1 si shirika la Umoja wa Mataifa wala wakala wa serikali yoyote. Ni muungano wa kibiashara usiogawana faida, wenye makao Brussels na ofisi za kitaifa katika nchi zaidi ya 100. Hauuzi namba. Unatoa leseni ya kuitumia, na leseni huhuishwa kwa ada. Basi namba za bei poa zinatoka wapi? Jibu liko katika historia ya Marekani. Bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley’s, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Kwa miaka mingi kampuni za huko zilipewa namba kwa malipo ya mara moja. Ada ya kila mwaka ilipoanza kudaiwa, wenye namba za zamani walikwenda mahakamani, na shauri likaisha kwa maridhiano: waliozipata kabla ya mwisho wa Agosti 2002 wakasamehewa. Hivyo likabaki rundo la namba ambazo wenyewe hawazitumii na hawazilipii. Wajanja wakaanza kuzigawa vipandevipande. Jina katika daftari la dunia, hata hivyo, likabaki la yule wa kwanza.

Niseme jambo moja kando, maana linanikera kila linapozuka katika makundi ya WhatsApp. Tarakimu 620 zinazoanzia namba za Tanzania hazimaanishi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, kama vile 616 za Kenya zisivyomaanisha imetengenezwa Kenya. Zinaonyesha tu kampuni ilipata leseni katika ofisi ipi. Kabla GS1 Tanzania haijaanza mwaka 2011, wazalishaji wetu walichukua namba kwa majirani, na zikazuka hotuba kali kwamba bidhaa zetu zinaibiwa uraia. Uzalendo ule ulikuwa wa dhati, ila ulishika mkia badala ya pembe. Tulipigania tarakimu tatu za mwanzo, tukazisahau zinazofuata, ambazo ndizo zinazosema mwenyewe ni nani.

Turudi Iringa. Nilimshauri aachane na namba za mafungu na kuomba leseni Dar es Salaam. Akafanya hivyo. Namba mpya ikaja, yenye 620, kaka yake akaiingiza, na soko likaikataa tena kwa sababu ileile: jina la chapa halilingani na mwenye namba.

Nikamwambia anitumie nyaraka zote. Nilipozitandaza mezani nikaelewa. Kikundi kimesajiliwa halmashauri kwa jina moja, kwa kuwa hilo ndilo sharti la kupata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa mmoja aliwahi kuwaambia kwamba jina lile halitoshi kufanyia biashara, hivyo binti akaenda BRELA kusajili jina la biashara, la pili, peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu janja na kitambulisho cha NIDA. Leseni ya namba ikatolewa kwa jina hilo la pili. Lebo iliyoshonwa kwenye vikapu ina jina la tatu, jina la kijiji, kwa sababu mama zake walilipenda. Akaunti ya soko ina jina la nne, la kaka. Na akaunti ya benki ni ya kikundi, ila mtumishi wa benki aliandika jina la kikundi akiwa amekosea herufi mbili. Yote ni ya kweli, na kila ofisi ilitoa karatasi halali. Kwa kompyuta iliyo ng’ambo, hao ni watu watano wanaogombea kikapu kimoja.

Kanuni yenyewe si ngumu. Anayepaswa kuipa bidhaa namba ni mwenye chapa, yaani mwenye lile jina analoliona mnunuzi, si lazima awe msukaji wala msafirishaji. Kwa hiyo kosa hili halitibiwi kwa kubadili namba tu. Kwanza hakikisha leseni iko hai. Kisha ingia katika kumbukumbu zako za GS1 ujaze jina la chapa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye lebo, kila ukubwa na kila rangi kwa namba yake. Piga picha za bidhaa halisi, chapa ikiwa imeshonwa au imechapwa, si picha ya kutengeneza kwenye kompyuta. Ambatisha cheti cha leseni na karatasi inayounganisha jina la mwenye leseni na jina la chapa. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo waliyoikosa, maana kisheria hakuna kilichounganisha binti, kikundi na jina la kijiji.

Ukurasa uliojengwa juu ya namba ya mishumaa hauwezi kuhamishwa kwa kufuta tarakimu na kuandika nyingine. Unaanza upya, na yale maoni 11 yanapotea. Aidha, si kila bidhaa inalazimika kuwa na namba. Baadhi ya masoko, Amazon likiwemo, huruhusu vitu vya kazi ya mikono kuomba msamaha wa namba. Kikundi hiki kinazitaka kwa sababu kinalenga pia maduka makubwa, lakini wangeambiwa hivyo mapema wangeokoa miezi.

Wakati tukihangaika, akajitokeza mfadhili: mfanyabiashara mwenye leseni halali na namba za ziada. Akawaambia watumie zake, bure, na jina la kampuni yake liwekwe kwenye lebo. Binti aliniuliza kama wakubali. Mwenzangu mmoja katika idara ya uchumi alisema wakubali, kwani vikapu vinaoza gerejini na heshima hailipi ada ya shule. Hoja hiyo siidharau. Nilimjibu binti kwamba siku watakayotofautiana bei na mfadhili, yeye atabaki na ukurasa, maoni na wanunuzi, na wao watabaki na milulu. Hatahitaji kuiba. Ataandika barua pepe moja kwa soko kwamba namba ni yake na chapa ni yake, na atakuwa anasema kweli.

Hapa ndipo ninapotaka watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanisikilize. Tumejenga utaratibu mzuri wa kuwapa akina mama fedha, na tumewasajili kwa jina ambalo nje ya halmashauri halina uzito. Nimehudhuria semina kadhaa za vikundi. Nimesikia habari za vifungashio, masoko, nidhamu ya mkopo, hata saikolojia ya mteja. Sijamsikia hata mara moja afisa akiwauliza: mtauza kwa jina gani, na jina hilo ni la nani? Ni swali la dakika mbili. Likiulizwa siku kikundi kinaposajiliwa, jina la halmashauri, la BRELA, la lebo na la leseni ya namba linaweza kuwa moja. Ada ya namba nayo ihesabiwe katika mkopo kama mtaji, sawa na uzi na usafiri. Anayetaka alama ya biashara aelezwe pia kwamba usajili wa BRELA unaishia Bara, na kwamba Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Nimekutana na wahitimu wa shahada ya sheria wasiojua hilo, na baadhi yao niliwafundisha mimi.

Alhamisi iliyopita kikundi kilikutana. Walimkatalia mfadhili, kwa kura 9 dhidi ya 5. Kaka anabandua lebo za zamani gerejini, kikapu baada ya kikapu, kila akitoka kazini. Wamekubaliana kwamba jina la lebo ndilo litakalosajiliwa BRELA, wote 14 wakiwa wabia, na leseni ya namba ihamie kwenye jina hilo. Maombi yangekwisha kutumwa tangu Ijumaa, ila wawili kati yao, mmoja akiwa mama wa miaka 61 aliyewafundisha wengine wote kusuka, bado hawajapata namba ya NIDA.